Kilatini cha Kufukuzia Mjane

Kitanda kilikuwa kimeshapandishwa kwenye mkokoteni, na kabati, na masufuria, vyote vimefungwa kamba. Kilichobaki ni cherehani. Mjane alikuwa amekaa kwenye stuli yake, mguu kwenye pedali, ameikumbatia cherehani kwa mikono miwili, hanyanyuki.

"Nyanyuka, shemeji," alisema kaka wa marehemu. "Mwenye mkokoteni hakuja hapa kuota jua."

"Basi aende. Mimi siendi."

Shemeji huyu mtaa mzima ulimwita Jaji Mdogo. Ujaji hakuwa nao. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na saba, mbeba mafaili na mpanga viti. Lakini pale mahakamani kulikuwa na kijitabu cha misemo ya sheria, kushoto Kilatini, kulia maana yake kwa Kiingereza, naye alikikariri chote kama kasuku. Alipostaafu alirudi mtaani na Kilatini chake, na watu wakaacha kubishana naye. Utambishia nini mtu ambaye hujui kama amekutukana au amekubariki?

"Nemo dat quod non habet," alisema, kidole juu. "Hakuna atoaye asichonacho. Kiwanja ni cha baba yetu. Ndugu yangu hakuwa na cha kukuachia."

"Na matofali? Nilifyatua mimi, tena nina mimba. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unapanga viti."

Majirani kwenye uzio wakacheka. Jaji Mdogo akakunja uso.

"Qui tacet consentire videtur. Anyamazaye amekubali. Siku tuliyokaa kikao cha ukoo, ulinyamaza."

"Nilikuwa nalia, baradhuli wewe! Kulia ndiko kunyamaza?"

"Jaji!" fundi viatu alipaza sauti kutoka uzioni. "Kesi inakuelemea!"

Wakacheka tena, safari hii mpaka mwenye mkokoteni.

Ndipo Jaji Mdogo alipotia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Aliishika kwa vidole viwili tu.

"Hii haimo kitabuni," alisema taratibu. "Hii niliitoa kwenye joho la jaji wetu mwenyewe, wiki aliyofariki. Hakuwahi kuachana nayo. Asubuhi, mchana, jioni, kila akinyanyuka mezani, anaitoa, anaisoma, anairudisha. Mtu aliyeshika sheria miaka arobaini! Sasa niambieni ina uzito gani."

Akaisoma kwa sauti ya mahakama: "Capiat cochleare magnum ter in die post cibum."

Hakuna aliyecheka.

Upande wa kulia wa maneno yale, tofauti na kitabuni, hapakuwa na Kiingereza chochote. Lakini lile neno la kwanza Jaji Mdogo aliona analijua: capias ndiyo hati ya kukamatia watu, na yeye mwenyewe alishaipeleka polisi mara mia. Yaliyobaki alijijazia.

"Maana yake, mume akifa, mke achukue chake atoke. Akikaidi, akamatwe. Shika, kamwonyeshe unayemtaka. Mimi ninayo kichwani."

Mjane aliipokea. Aliutazama ule mwandiko, mstari mmoja mrefu wa wino wa bluu, na sahihi iliyopinda chini yake. Ya kitabuni angeyajibu mpaka jua lizame. Lakini mwandiko wa mkono, tena umetoka mfukoni mwa jaji, anaujibu vipi mshona nguo?

Akaondoa mguu kwenye pedali, akanyanyuka.

Jaji Mdogo aliishi kwenye nyumba ile miaka tisa, akafa. Nyumba ikauzwa, ikabomolewa, siku hizi ni gereji. Fundi viatu alihama. Mwenye mkokoteni alipata kazi ya ulinzi. Mjane anashona mpaka leo, kwenye chumba cha dada yake, watu sita na cherehani, na macho yameanza kumwacha. Mwaka jana alikwenda duka la dawa na cheti cha daktari, lakini mkobani akachomoa karatasi siyo, ile ya mikunjo minne. Muuza dawa, mzee wa kizamani, alivaa miwani, akaisoma bila kusita.

"Kijiko kikubwa, mara tatu kwa siku, baada ya chakula," alisema. "Sawa, mama. Lakini dawa yenyewe mbona hawajaiandika?"