Tundu kwenye Pare-soleil

Kidole cha mwisho cha Gentil kiliingia chote katika lile tundu, kikatokea upande wa pili.

Alikuwa ameifungua pare-soleil, kile kibao cha kushusha juu ya kioo jua linapochoma macho. Bawaba yake ilikatika, na kioo chake kidogo cha kujitazamia kilipasuka. Mahali pake alifunga nyingine nzima, aliyoisaka sokoni Kadutu siku tatu. Kioo cha mbele kilikwisha badilishwa, viti vimeshonwa upya. Mwenye gari, Parfait, alimwomba neno moja tu: "Fundi, toa kila kitu chenye kinakumbusha."

Lakini ile ya zamani Gentil hakuitupa.

Mwezi uliopita Parfait alikuwa akielekea Katana na gari hilo, majuma mawili tu tangu alinunue. Pamoja naye alikuwa Joviale, binti ya kaka yake Léopold, maana watoto hawarithi ugomvi wa wakubwa. Njiani watu wenye bunduki wakapiga risasi moja, wakatokomea migombani. Hata simu hawakuchukua. Joviale akafa. Parfait hakukwaruzwa.

Kilioni Léopold alimkamata mdogo wake shati mbele ya watu wote.

"Majambazi wanapiga shofere! Kama weye njo ulikuwa shofere, mbona uko muzima? Ulimupa mutoto wangu volan aendeshe!"

Parfait aliapa kwa jina la mama yao kwamba ni yeye aliyeendesha. Léopold akaziba masikio. Miaka miwili tayari walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya kiwanja cha baba yao kule Kasha. Sasa ukoo ungeketi Jumapili, na Léopold alikwisha tangaza atakachodai: Parfait afukuzwe, asiitwe tena mtoto wa baba yao, asitupe hata udongo kwenye kaburi la mtu wa kwao.

Tegua na wewe: kitu gani kikivunjika hakina garaji? Wakubwa hujibu, udugu. Gentil, aliyezoea kuunga hata vilivyotupwa na wenzake, hakulipenda jibu hilo. Ndiyo maana siku ya Ijumaa alimpigia Léopold simu.

Akaja, na suti yake nyeusi ya matanga.

"Unaniitia nini kwenye gari ya muuaji?"

"Karibu, papa. Ingia ndani kwanza, utukane kisha."

Léopold hakuwahi kulikaribia gari hilo. Alifungua mlango wa kushoto, akaketi kwa uzito wa mtu asiyelala. Mikono yake ikanyooka mbele kutafuta usukani, ikashika hewa.

"Volan iko wapi?"

"Iko huku kuume, papa. Ni gari ya Japon, si kama zingine zetu zenye volan kushoto. Shofere anakaa huku." Gentil alichuchumaa mlangoni, akamwekea kile kibao magotini. "Pale uko, njo Joviale alikuwa. Ona, hii ilikuwa juu ya kiti hiki, iko na kioo. Jua la magaribi lilikuwa linamuchoma, akaishusha, pengine akajitazama misuko kidogo. Mutu wa volan anaweza fanya vile?"

Léopold aligusa kingo za lile tundu.

"Papa Parfait hakusema uongo. Kama wanatafuta shofere, basi walipiga kiti chenye hakina shofere. Umusamehe, papa. Mumebaki wawili tu kwa tumbo ya mama yenu."

Léopold aligeuza shingo polepole, akautazama usukani kule kuume, akautazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Kisha akainamisha uso juu ya kile kibao. Gentil akashukuru Mungu kimoyomoyo: ukweli umeingia, Jumapili ndugu watakumbatiana. Akamshika bega.

"Lia tu, papa. Kulia si haya."

"Hakuna mwenye aliniambia volan iko kuume," Léopold alisema. "Mimi niliwaambia wapige wa kushoto."