Mkasi Mpya

"Mkasi huo una kutu, Bibi. Mwanangu hanyolewi na chuma chakavu." Shomari alisema hivyo asubuhi, mbele ya wageni waliokuja kumnyoa mtoto nywele za tumboni. Bi Kheri, bibi yake, aliufunga mkasi wake kwenye pindo la kanga.

Sasa ubani ulikuwa unafuka na Bi Kheri amepakata mtoto, lakini mkasi mpya alionunua Shomari haujatoka kwenye boksi. Shomari alifungua boksi akakuta boksi jingine, ndani yake mfuko, na ndani ya mfuko plastiki ngumu kama gamba la kobe. Aliivuta kwa kucha, akaing'ata mpaka fizi zikatoka damu. Nyuma ya plastiki hiyo paliandikwa: fungua kwa mkasi.

"Baba mtoto, tunyoe au tusubiri aote ndevu?" shangazi yake aliuliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Shomari alipiga magoti. "Bibi, naomba niazime."

Bi Kheri akafungua pindo. Mkasi wa zamani uliikata plastiki hadi katikati, kisha ukalia ta! Ncha yake ikadondoka mkekani. Ndio uliomnyoa Shomari mwenyewe, na baba yake kabla yake.

"Nisamehe, Bibi."

"Lete huo wako. Mtoto ataanza kulia."

Shomari aliuchomoa kwenye ule mpasuo. Bi Kheri alinyoa taratibu, mkasi mpya ukimbana kidole gumba. Alipomaliza aliokota ile ncha, akailaza pamoja na mkasi wake ndani ya plastiki iliyopasuka, mahali ulipokuwa ule mpya. Ulienea sawasawa.