Hodi ya Tatu

Tangu kila mfanyakazi apewe kaimu, akili ya mashine ya kuushika mwili wake, Ngwali, pamoja na shughuli zake zote, hakukosa tena wakati wa mbio za magari. Yeye huingia kwa nafsi tu ndani ya mchezo wa kompyuta, kaimu hubaki mwilini akiosha vyombo na kuzungumza na mkewe, Mize. Mbio zikiisha, Ngwali hupiga hodi, kaimu huitika karibu, naye hurudi.

Leo alishinda. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, akamsikia Mize akicheka kicheko cha siku za fungate.

“Mbona jicho linakucheza?” Mize aliuliza. “Tuna mgeni?”

“Hatuna mgeni, mke wangu,” ilijibu sauti ya Ngwali.

Akapiga ya tatu. Na asiyeitikiwa hodi tatu, adabu ni kurudi alikotoka. Nyuma yake, gari la mbio lilikuwa limeshawaka, likimngoja.