Neno Aliloniachia Shekue

Siku hizi kila anayekufa huruhusiwa kuiachia nyumba yake neno moja tu kwa sauti yake. Nilitarajia jina langu. Mume wangu Shekue akachagua "okei"! Kiingereza hicho alikiokota kwenye redio ya upepo ya winchi aliyoiendesha, bandarini Tanga. Huko, alisema, maana yake ni "nimekusikia".

Nilinuna wiki nzima, kisha nikazoea.

"Shekue, chai tayari."

"Okei."

"Naenda sokoni."

"Okei."

Leo nimechoka kuongea na ukuta. "Shekue, naizima sauti yako, na haitarudi tena."

"Okei," amejibu, kwa upole uleule.

Alipokuwa hai hatukumaliza jambo bila ubishi. Kidole changu bado kiko kwenye swichi, nangoja anibishie.