Simu ya Mama Mkwe

"Niwekee zote mbili hapo juu," Joel alisema, "na useme haraka. Saa nane wanatusubiri Makole."

Rahimu, muuza simu wa Majengo, hakuwa mtu wa kusema haraka. Alifuta kioo cha kabati kwa kiganja, vumbi likahama upande huu kwenda ule, kisha akapanga simu mbili kama anayepanga karata. Huku iPhone, huku Android.

"Kwanza ya nani?"

"Ya mama mkwe wake huyu." Joel akamwonyesha Lameck kwa kidevu.

Joel alikuwa baba mdogo wa Lameck, na ndiye mshenga. Mkononi alishika orodha ya mahari, karatasi imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea. Ng'ombe walishapokewa jana. Mbuzi, blanketi la babu, shuka la shangazi, vyote vimewekewa alama. Ulibaki mstari mmoja: simu ya kisasa ya mama. Na ukoo wa Angelina ulishasema bila kupepesa macho: mstari hata mmoja ukibaki, binti yao hatoki pale nyumbani.

"Kumbe bwana harusi," Rahimu akasema. "Mbona kama umenyeshewa?"

Maneno yalimfikia Lameck, ila hayakumgusa popote. "Asante," akajibu.

Khairat, anayeuza kava na chaji meza ya jirani, alishasogeza kigoda. Penye umbea Khairat hapitwi. "Mmeishi muda gani bila kutoa kitu?"

"Miaka saba."

"Na watoto?"

"Wawili."

"Miaka saba umemkalia mtoto wa watu bure." Akatikisa kichwa, huku anacheka. "Nyie wanaume mpaka mbanwe. Haya, heri wewe umekumbuka. Wengine wanazeeka na deni lao."

Joel akakohoa. "Kijana, tuambie habari za simu."

"Mzee, hii iPhone ni heshima," Rahimu akaanza. "Mama akiitoa tu kwenye pochi, kanisa zima linajua kaozesha. Picha zake utadhani umepigwa studio. Ila ina masharti: akisahau neno la siri, mtakuja hapa tulie wote, mimi sina la kufanya. Na menyu yake Kiingereza. Hii Android unaiwekea Kiswahili mwanzo mwisho. Chaji anaazima kwa jirani yeyote, kioo kikivunjika kipo kila duka. Ila tusidanganyane, kila mtu anayo."

Joel akampigia Castory, kaka wa Angelina, ndiye aliyeiandika orodha kwa mkono wake. Akaiweka sauti ya nje.

"Baba, mimi niliandika ya kisasa," Castory alisema. "Ya kisasa inajulikana. Mkija na simu ya kila mtu mtarudi nayo, na mtatukuta tumekaa hivi hivi." Akakata.

"Umemsikia," Joel akamgeukia Lameck. "Tuchukue hiyo ya heshima tuondoke. Leo si siku ya kubishana na mashemeji."

Lameck hakusogea. Aliinyanyua Android, akaipima kiganjani, kisha akaikazia macho muda mrefu kuliko simu inavyostahili kutazamwa.

"Mama Paulina kusoma kunampa shida," akasema taratibu. "Angelina ndiye aliyemfundisha simu, kitufe kimoja kimoja, kwa miezi. Nikimpa hiyo nyingine ataifunika kitambaa, aiweke kabatini."

"Na wakiikataa?"

"Wataikataa." Alitamka kama anayetaja siku ya wiki.

Joel akaikunja orodha, akaitia mfukoni. Rahimu, ambaye biashara ilikuwa imemponyoka hivi hivi anaona, akaiwasha ile Android, akaiwekea Kiswahili, akairudisha kwenye boksi.

Khairat akachomoa kava lenye maua mekundu. "Hili bure, kutoka kwangu. Mwambie bibi harusi, dada Khairat wa Majengo anamsalimu."

Lameck akalipokea kwa mikono miwili. "Nitamwambia."

Kule Makole walikuta watu wamejaa mpaka barabarani, viti vya kukodi havitoshi, masufuria yanatokota uani. Bajaji iliposimama, mazungumzo yakakatika. Wazee wa ukoo walikaa upande wa wanaume, karatasi yao mezani, kalamu juu yake. Joel akawapa shikamoo, akapiga goti, akalitua boksi kwenye ungo.

Castory akalichukua kabla halijatulia. Akaligeuza, akasoma ubavuni, uso ukamkunjamana.

"Si nilisema mimi? Baba, si nilikwambia kwenye simu?"

Lameck alisimama nyuma ya Joel, mikono imening'inia. Mzee mmoja akaanza kukunja ile karatasi. Joel akaanza kuomba, maneno yakimtoka ovyo: wapewe saa moja, watarudi mjini, wataibadilisha.

"Lete hapa."

Alikuwa Mama Paulina, kutoka mkekani kwa wanawake. Hakuinuka. Castory akamfuata shingo upande, akampa. Mama akafungua boksi, akabonyeza ubavuni, kioo kikawaka. Akapitisha kidole mara moja, mara mbili, pasipo kuuliza mtu.

"Hii naijua," akasema. "Kachagua nani?"

Joel akamwonyesha.

Mama Paulina alimtazama Lameck mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akaiweka simu mapajani.

"Castory, weka alama."

"Lakini mama..."

"Mimi ndiye nitakayeitumia. Weka."

Kalamu ikapita kwenye mstari wa mwisho. Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Sasa ni mkwe wetu," Mama Paulina akasema. "Mpeni mkewe, akamzike."