Maungamo ya Mzee Vaudry

Padri alikuwa bado anapanda ngazi, na Ursule alishaondoa fimbo, chupa ya dawa na kinara cha mshumaa karibu na kitanda cha baba yake. Padri aliyekuja wiki iliyopita alirushiwa bakuli la mchuzi.

"Baba, nakupigia magoti. Ungama chochote. Hata tufaha uliloiba utotoni."

"Miaka yote nimeandika kwamba mtu atumie akili yake," mzee Anselme Vaudry alinguruma. "Sasa nife kama kasuku?"

Ulimi ule! Paris nzima iliujua. Vitabu vyake vilipochomwa hadharani mbele ya mahakama, mzee alicheka mpaka akapaliwa. Lakini Ursule kicheko angekitoa wapi? Asiyeungama hakuzikwa makaburini. Mwaka jana mwigizaji mmoja wa mtaa huohuo alikufa bila kuungama, na aliyekataa kumzika ni huyuhuyu Padri Tavernel aliyekuwa akipanda ngazi. Maskini alibebwa kwa mkokoteni wa taka, akatupwa shimoni nyuma ya jalala na kumwagiwa chokaa. Tangu baba yake augue, Ursule aliliota shimo lile kila alipofumba macho.

Padri aliingia, mrefu, mkavu, hana hata salamu.

"Kuna vitabu vyake humu ndani?"

"Vilichomwa, Padri."

"Vyote? Hakikubaki hata kimoja?"

Ursule aliona ni mtego tu huo.

"Mimi hata kusoma sijui, Padri," alidanganya.

Padri alimkazia macho, akamwambia atoke, kisha akafunga mlango.

Ursule alisimama nje, rozari mkononi, meno yakigongana. Alisubiri kishindo na matusi. Havikuja. Alisikia mnong'ono, kisha kimya, kisha kilio. Mwanamume alikuwa analia, kilio kile cha kukwama kooni. Ursule alijishika kifua. Baba yake hakudondosha chozi hata siku ya kumzika mama. Kumbe kweli, mbele ya kifo hakuna jabali!

Mlango ukafunguliwa. Padri hakumtazama usoni.

"Atazikwa makaburini, kando ya mama yako. Nitamzika mimi mwenyewe."

"Ameungama, Padri?"

"Maungamo ni siri, binti. Usimuulize mtu, usimwambie mtu."

Ursule aliubusu mkono wake. Padri aliuvuta, akashuka ngazi mbiombio kama anayefukuzwa.

Ursule alikimbilia kitandani, machozi ya furaha yakimtoka. Mzee alikuwa ameketi, amekodoa macho, midomo inamcheza. Ursule hakuwahi kumwona na hofu ya namna ile.

"Baba, umemwambia nini?"

"Nimwambie nini? Nafasi yenyewe kanipa? Kapiga magoti hapo ulipo, kalia kama mtoto. Eti tangu asome kitabu changu hamwamini tena Mungu, wala hana wa kumwambia." Mzee alimeza mate. "Ningefanyaje, mwanangu? Nimemwondolea dhambi."