Maji ya Mchicha

Rukia aliumwagilia mchicha wake kama kila asubuhi. Ulikuwa umestawi kwenye madumu yaliyokatwa, katika kibaraza cha ghorofa ya tatu, na kama kila asubuhi maji yalipenya yakadondokea kamba ya nguo ya Bi Kidawa, jirani wa chini. Rukia akasubiri kutukanwa.

Kimya.

Siku zote tone la kwanza tu lilitosha. "Wewe Rukia, kalime kwenu," Bi Kidawa alikuwa akifoka, naye akimjibu, wakaendelea hivyo mpaka chai ichemke.

"Leo hamgombani?" mumewe aliuliza kutoka ndani.

Rukia aliinama juu ya ukuta, akachungulia. Kanga aliyoianika Bi Kidawa jana ilikuwa bado kambani. Mwanamke yule hakuwahi kuacha nguo zilale nje.

Rukia akajaza kopo, akalimwaga lote juu ya ile kanga.

"Bi Kidawa," aliita, "nakulowanishia kanga yako."

Maji yalichuruzika pindoni. Nyuma yake mumewe aliweka kikombe chini, akakimbilia ngazi.

Muda si muda akasikika huko chini akigonga mlango, akigonga tena. Rukia akajaza kopo lingine.